Deni Linalosomwa kwa Sauti: Miaka Mia Mbili ya Mikopo ya Serikali, Ikitazamwa Kutoka Michenga

Siku ya kikao, sanduku la kikoba huwekwa katikati ya mkeka. Lina kufuli tatu, na funguo zake hutunzwa na wanachama watatu tofauti, ili asiwepo mtu anayeweza kulifungua akiwa peke yake. Vikundi vya namna hii vimeenea Michenga na kata nyingine za mji wa Ifakara, kama vilivyoenea bonde zima la Kilombero. Anayetaka mkopo husimama akaulizwa mbele ya wenzake: fedha hizi ni za kazi gani? Utarejesha kutokana na nini, na lini? Nani wanakudhamini? Majibu yakiridhisha, jina na kiasi huandikwa kwenye daftari na kusomwa kwa sauti. Kikao kinachofuata husomwa tena, na rejesho likichelewa kila mtu anajua.

Nje ya mkeka huo kuna mikopo ya aina nyingine. Kuna ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu, yenye marejesho ya kila siku au kila wiki, ambayo mkopaji husaini karatasi asiyoisoma. Na kuna mkopo wa zamani zaidi, wa mkulima wa mpunga. Februari palizi imemkaba, ghalani yamebaki madebe mawili, na mtoto anadaiwa michango shuleni. Mfanyabiashara anampa fedha taslimu kwa ahadi ya kulipwa magunia wakati wa mavuno. Juni ikifika kila mtu anauza, bei imelala, na magunia yaliyopigiwa hesabu siku ya shida yanapakiwa kwenye gari. Mkulima huyu shamba lake lilizaa vizuri tu. Kilichomwumiza ni kukopa kwa kipimo kimoja na kulipa kwa kingine, tena katika msimu uliomfaa mdai wake.

Nimeanza na mkeka na mpunga kwa sababu historia ya serikali za nchi changa kukopa katika masoko ya dunia, kwa miaka mia mbili sasa, imejaa mikataba iliyosainiwa bila maswali yale ya kikoba kuulizwa. Bonde letu ni mahali pazuri pa kuisomea historia hiyo. Kutoka Kidatu hadi Mlimba unakuta reli, mitambo ya umeme, barabara na daraja, na kila kimoja kilijengwa kwa fedha ya aina yake. Mjadala wetu wa deni la taifa hukwama kwenye ukubwa. Machi 2025 deni la Serikali lilikuwa takriban Sh trilioni 107.7, na kila mwaka tunaambiwa kuwa ni himilivu. Ukubwa una maana yake. Lakini ukizifuata nchi zilizoanguka, moja baada ya nyingine, unakuta kwamba mara nyingi ziliangushwa na masharti ambayo wananchi wake hawakuwahi kusomewa.

Ushuru uliowekwa rehani

Wimbi la kwanza lilianzia London miaka ya 1820. Jamhuri za Amerika Kusini zilikuwa zimejitoa tu mikononi mwa Hispania, na matajiri wa Uingereza walikuwa na fedha zilizolala. Mwaka 1824 Buenos Aires ilikopa pauni milioni 1 kupitia benki ya Baring. Mwaka uliofuata soko la London lilianguka, na kabla ya muongo kwisha karibu jamhuri zote mpya zilikuwa zimeacha kulipa. Deni lile la Buenos Aires lilimalizika mwanzoni mwa karne ya 20. Pupa ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1822 Gregor MacGregor aliuza hatifungani za pauni 200,000 kwa niaba ya Poyais, nchi ambayo haikuwapo duniani.

Kisa hicho kinatufundisha jambo litakalojirudia: mawimbi ya mikopo huanzia kule fedha zilikojaa, si kule shida iliko. Mkopeshaji akizidiwa na fedha, hodi zinapigwa kila mlango, na masharti yanaonekana mepesi. Fedha zikipungua kwake, milango yote hufungwa siku moja.

Hasara ya deni haikuishia kwenye fedha. Haiti, iliyojikomboa kutoka utumwani kwa vita, ilishurutishwa na Ufaransa mwaka 1825 kulipa fidia ya faranga milioni 150 ili uhuru wake utambuliwe, ikabidi ikope kwenye benki za Ufaransa kuilipa Ufaransa. Mzigo huo ulifuata vizazi hadi mwaka 1947. Misri ilikopa kwa mifereji, reli na majumba, ikauza hisa zake za Mfereji wa Suez mwaka 1875, ikasimamisha malipo mwaka 1876, ikawekewa wasimamizi wa Kiingereza na Kifaransa kwenye hazina yake. Mwaka 1882 majeshi ya Uingereza yakaingia.

Pwani yetu nayo iliyaona hayo. Karne ya 19, Sultani wa Zanzibar alikodisha ukusanyaji wa ushuru wa forodha kwa kampuni ya Jairam Shivji, na kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimkopesha. Aliyemdai Sultani ndiye aliyekusanya mapato yake. Katika kikoba chochote jambo hilo lingekataliwa siku ya kwanza: mdai hapewi funguo za sanduku.

Baadaye makoloni yalikopa London chini ya dhamana ya Uingereza. Sheria ya mwaka 1926 iliruhusu mikopo ya hadi pauni milioni 10 kwa Afrika Mashariki, nyingi zikiwa za reli na bandari. Waliolipa ni wakulima na wafanyakazi, na hakuna kati yao aliyeulizwa reli ipite wapi.

Reli isiyo na riba

Baada ya uhuru swali likawa letu. Zambia ilihitaji njia ya kupeleka shaba baharini bila kupitia Rhodesia ya walowezi. Mwaka 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia walisema reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa. Nchi za Magharibi zilikataa. China ikakubali: makubaliano yalitiwa saini Beijing Septemba 1967, na mwaka 1970 ukatolewa mkopo wa yuan milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilikabidhiwa Julai 1976. Mang'ula palikuwa na kambi kubwa ya ujenzi, na kuanzia Kidatu, Ifakara hadi Mlimba, kabla ya kuupanda mlima kuelekea Makambako, reli ililipasua bonde lote.

Sehemu ya mkopo huo ilikuja kama bidhaa. Vitu vya Kichina viliuzwa madukani, na mauzo yake ndiyo yaliyotoa shilingi za kugharamia kazi hapa nchini. Ulikuwa mkopo wenye heshima, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kuwa bila reli ile ukombozi wa kusini mwa Afrika ungechelewa zaidi.

Lakini simama stesheni ya Kidatu. Upo pia mkono wa reli ya zamani ya Afrika Mashariki, uliotoka Kilosa kupitia Mikumi na kufika Kidatu mwaka 1965. Reli ile ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, ili ilingane na reli za Zambia na za kusini, ina milimita 1,067. Kwa tofauti ya milimita 67, behewa la huku haliwezi kukanyaga reli ya kule, na kituo cha kuhamishia mizigo hapo Kidatu kilifunguliwa mwaka 1998 tu. TAZARA ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Haikuwahi kuzifikia, na mwaka 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000.

Mwanahistoria Jamie Monson, aliyeitafiti reli hii kwa miaka mingi, alionyesha upande ambao hesabu za shaba haziuoni: vifurushi vya wachuuzi wadogo, mchele, ndizi na mahindi, vikipanda na kushuka stesheni kwa stesheni kadiri misimu ilivyobadilika. Bonde lilifaidika kweli. Ila faida iliyoingia kwenye kapu la mchuuzi wa mchele haikuingia kwenye hesabu za kulipa deni wala kununua vichwa vipya vya treni. Hata mkopo usio na riba huwa ghali ikiwa kilichojengwa hakijitunzi.

Umeme wa Kidatu na riba ya Washington

Mwaka 1975, mwendo mfupi tu kutoka stesheni hiyo, mtambo wa umeme wa Kidatu ulianza kuzalisha megawati 100, zilizoongezwa hadi 204 mwaka 1980. Fedha zilitoka Benki ya Dunia na Sweden. Mwaka 2000 ukaongezeka Kihansi, megawati 180, nao kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wa Ulaya. Hii ndiyo mikopo iliyojibu swali la kwanza la kikoba: kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa taifa ilitoka kwenye mito inayoshuka pembezoni mwa bonde hili. Aibu yake ni kwamba vijiji vingi vilivyoziona nguzo za umeme huo zikipita viliendelea kuwasha koroboi.

Wakati Kidatu ikijengwa, wimbi la pili lilianza: dunia ilikuwa inajaa fedha tena. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, nchi zenye mafuta zikaweka mapato yao kwenye benki za London na New York, na benki zikatafuta wa kuwakopesha. Mexico, Brazil na Argentina zilichukua mabilioni ya dola kwa riba inayopanda na kushuka na soko. Kuanzia mwaka 1979 benki kuu ya Marekani chini ya Paul Volcker ilipandisha riba kupita kiasi ili kupambana na mfumuko wa bei wa kwao. Agosti 1982 Mexico ikatangaza kuwa haiwezi kulipa. Riba iliyowaua waliisaini wenyewe, ila funguo zake zilikuwa Washington.

Tanzania haikudaiwa sana na benki za biashara. Wadai wetu walikuwa hasa serikali na mashirika ya kimataifa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kuonya kuwa fedha za kuazima haziwezi kuwa msingi wa maendeleo. Hata hivyo mapigo yalikuja mfululizo: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 na 1979, mafuta yakapanda tena, na bei ya kahawa ikashuka. Waziri wa Fedha Edwin Mtei, aliyetaka makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, alijiuzulu mwaka 1979. Mwanzoni mwa 1980 Mwalimu Nyerere aliwaambia mabalozi waziwazi kwamba hakubali shirika hilo kutupangia siasa.

Wote wawili walikuwa na hoja. Mtei aliona hazina tupu. Mwalimu aliona uhuru unaopimwa kwa masharti ya mdai, na historia ya Misri haimpingi. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, makubaliano yalisainiwa. Mwaka huo dola moja ilitoka kwenye Sh 17 ikafika Sh 40. Dola ya deni iliyohitaji shilingi 17 kulipwa sasa ilihitaji zaidi ya mara mbili, bila senti mpya kukopwa. Mkulima wa Michenga anayelipa magunia Juni anaielewa hesabu hiyo haraka kuliko watu wengi waliosomea uchumi.

Msamaha, na waliougeuza biashara

Mwaka 1996 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha zilianzisha mpango wa nafuu kwa nchi maskini zenye madeni makubwa. Uganda ilifika mwisho wa safari hiyo kwanza, mwaka 1998. Tanzania, baada ya miaka ya masharti chini ya Rais Benjamin Mkapa na sauti za makanisa na asasi za kiraia duniani kote, ilifika Novemba 2001. Mwaka 2005 mkutano wa mataifa tajiri huko Gleneagles uliongeza msamaha, na Januari 2006 Shirika la Fedha likafuta deni letu la zaidi ya dola milioni 300. Matunda ya nafuu hiyo yalianza kuonekana kwa macho mapema: ada ya shule za msingi ilifutwa, na watoto waliokuwa wakichunga ndege kwenye mpunga wakaingia darasani.

Lakini deni ni karatasi inayouzika. Mwaka 1979 Zambia ilikopa Romania ili kununua matrekta. Mwaka 1999 kampuni ya Donegal ililinunua deni hilo kwa takriban dola milioni 3.3, kisha ikaishtaki Zambia mjini London ikidai dola milioni 55. Mwaka 2007 mahakama iliamuru ilipwe takriban dola milioni 15. Matrekta yalishakuwa chuma chakavu. Mdai wa mkopo anaweza kubadilika, na hilo nalo ni sharti linalopaswa kusomwa ndani ya mkataba.

Dola milioni sita za katikati

Wimbi la tatu lilikuja baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008. Riba za Ulaya na Marekani zilishuka karibu na sifuri, na wenye fedha wakatafuta faida Afrika. Kenya iliuza hatifungani za dola bilioni 2 mwaka 2014. Ghana, Zambia, Ethiopia na nyingine zilikuwamo pia.

Tanzania ilikopa dola milioni 600 mwaka 2013, kupitia Standard Bank na Stanbic ya hapa nchini, kwa riba ya soko la London ikiongezwa asilimia 6. Kisa cha mkopo huo kinastahili kusomwa polepole. Ada ya wapangaji wa mkopo ilikuwa iwe asilimia 1.4. Ikapandishwa hadi 2.4. Asilimia moja ya dola milioni 600 ni dola milioni 6, na fedha hizo zilienda kwa kampuni ya hapa nchini ambayo, kwa mujibu wa waendesha mashtaka wa Uingereza, hakukuwa na ushahidi kuwa ilifanya kazi yoyote ya maana. Novemba 2015 mahakama ya London iliidhinisha makubaliano ambayo kwayo Standard Bank iliilipa Tanzania fidia ya dola milioni 6 pamoja na riba. Sisi tulioulipa mkopo tulilisikia jambo hilo kutoka London.

Mwaka huohuo wa 2013, ng'ambo ya Mto Ruvuma, makampuni ya serikali ya Msumbiji yalianza kukopa. Mikopo hiyo ilifikia karibu dola bilioni 2, kwa dhamana za serikali ambazo Bunge halikuziidhinisha, ikidaiwa kuwa ni kwa ajili ya meli za jodari na ulinzi wa pwani. Siri ilipofichuka mwaka 2016 wafadhili walisitisha misaada, sarafu ikaporomoka, na Januari 2017 nchi ikashindwa kulipa. Zambia ilishindwa Novemba 2020, Ghana Desemba 2022, Ethiopia Desemba 2023. Kenya iliepuka shimo Februari 2024 kwa kukopa dola bilioni 1.5 kwa riba inayokaribia asilimia 10 ili kulipa deni la awali la chini ya asilimia 7. Juni mwaka huo vijana wake walijaa barabarani kupinga kodi mpya. Kukopa harusi, kulipa matanga: waliolipa matanga ni vijana waliokuwa shule ya msingi siku ya harusi.

Nani asomewe daftari

Tanzania leo inakopa kwa mchanganyiko. Mwaka 2021 Shirika la Fedha lilitupa zaidi ya dola milioni 560 za dharura ya UVIKO, na ndani ya Sh trilioni 1.3 hizo yakajengwa madarasa 15,000. Kwa mkopo ule tuliambiwa kiasi, kazi na idadi ya madarasa, na mwananchi aliweza kwenda kuhesabu. Reli ya kisasa imejengwa kwa sehemu kwa mikopo ya kibiashara, ukiwamo wa dola bilioni 1.46 ulioratibiwa na Standard Chartered mwaka 2020. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, ambalo zaidi ya nusu ya maji yake hutoka Mto Kilombero, limejengwa kwa fedha za bajeti. Tukumbuke tu kwamba bajeti nayo hukopa: karibu theluthi ya deni la Serikali ni la ndani, kwa benki na mifuko ya hifadhi ya jamii ambamo akiba ya mwalimu na muuguzi wa Ifakara imo.

Fedha ya bure nayo haipo. Lami ya Kidatu hadi Ifakara ilikuja kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, Marekani na Uingereza, na tulimeza vumbi lake kwa miaka mingi kuliko ilivyopangwa. Daraja la Magufuli, mita 384 juu ya Mto Kilombero, lilijengwa kwa fedha zetu, na kivuko kilichopinduka mwaka 2016 kinatukumbusha gharama ya kusubiri. Na TAZARA inarudi: Septemba 2025 ulisainiwa mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China utakaoleta takriban dola bilioni 1.4. Safari hii mwenye fedha ataiendesha reli mwenyewe. Hilo laweza kuponya ugonjwa wa zamani wa matengenezo. Pia linatukumbusha forodha ya Zanzibar, na ndiyo maana masharti yake ni haki ya kila mtu anayeishi kando ya reli hiyo kuyajua.

Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya mwaka 1974 inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa kwa niaba yetu. Bunge hupitisha makadirio, lakini mkataba wenyewe haufiki mkekani. Desemba 2021 Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alihoji kasi ya kukopa. Siku chache baadaye, Januari 2022, alijiuzulu, na mjadala ukageuka kuwa wa mtu badala ya deni. Tulipoteza nafasi.

Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo tulivyofunzwa. Mimi naongeza kwamba kinga ya deni ni kulisoma kabla ya kusaini. Mwenyekiti wa kijiji anatakiwa kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu kila robo mwaka, na anayekwepa anaulizwa. Hazina iwekewe sharti hilohilo kwa kila mkopo na kila dhamana: nani anakopesha, kiasi gani, kwa sarafu gani, kwa riba ya kudumu au ya kupanda na kushuka, kwa miaka mingapi, tumeweka rehani nini, na wa katikati wamelipwa kiasi gani. Ni mistari saba. Inaenea kwenye karatasi moja, inayoweza kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata ya Michenga, mahali ambapo mtu anayetoka kuuza mpunga anaweza kusimama akaisoma.